Barua kwa mwanangu anayetaka kuacha fasihi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikiwa zamu ya usiku, ya pili baba yako akiwa pembeni anasikiliza. Unasema wenzako wa Kifaransa huko chuoni Mlimani wanaacha kozi za fasihi, wanabaki na tafsiri, ukalimani na Kifaransa cha biashara. Unaniuliza kama na wewe uwafuate, maana mashairi ya Wafaransa waliokufa hayamlipii mtu kodi ya nyumba.

Kuhusu kodi sina wasiwasi. Kwetu Kigoma Kifaransa ni lugha ya ng'ambo ya ziwa. Burundi imo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Kongo imeingia 2022, na wafanyabiashara wa huku na huko wanatafutana kila siku. Anayekijua vizuri hatakosa pa kushika. Nataka tuzungumzie hilo neno "vizuri", na nikusimulie jambo ambalo nimekaa nalo miaka yote hii.

Unakumbuka Mei 2015, mlipokuwa mnalala kwa bibi yenu kwa sababu mimi sikuwa narudi nyumbani. Warundi walikuwa wamejazana kijijini Kagunga, mpakani, wakikimbia machafuko, kipindupindu kikawakuta hukohuko, na meli ya Liemba ikawa inawaleta mjini, wanapokelewa kwenye uwanja wa Lake Tanganyika. Mimi nilikuwa hema la wagonjwa. Wengi nilielewana nao kwa Kiha changu, maana Kiha na Kirundi wamenyonya ziwa moja. Akaletwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, amekauka maji, macho yameingia ndani. Dripu zikamrudishia sauti. Mwenzetu mmoja aliyekuwa amesoma kozi ya Kifaransa ya miezi michache akafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye, akamwuliza kwa lugha hiyo anahitaji nini. Mzee akamtazama, akajibu maneno marefu, yana mdundo, kama mtu anayeghani.

"Anasema kuna mdudu aliimba kiangazi kizima, sasa ana njaa, na sisimizi hataki kumkopesha chakula," mwenzetu akatuambia.

Tukatazamana. Mgonjwa aliyepungukiwa maji kiasi kile anaweza kuchanganyikiwa, kwa hiyo nikachukua kadi yake nikaandika kwa mkono wangu: anaweweseka. Akahamishiwa kona ya wanaochungwa kwa karibu, mbali na mkewe. Siku ile hakufungua tena kinywa, kwa Kifaransa wala kwa Kirundi.

Padri mmoja aliyekuja kuwaona wagonjwa siku chache baadaye ndiye aliyenifumbua macho. Ile ilikuwa hekaya ya mshairi Mfaransa La Fontaine, iliyochapishwa 1668, ambayo watoto wengi waliosoma kwa Kifaransa wameikariri tangu shule ya msingi. Nyenje ameimba majira yote ya joto, baridi inaingia hana hata punje, anakwenda kuomba kwa jirani yake sisimizi. Sisimizi anamwuliza wakati wa joto alikuwa akifanya nini. Nilikuwa naimba, anajibu nyenje. Uliimba? Basi sasa cheza.

Mzee alikuwa na akili zake zote, mwanangu. Alikuwa anatueleza, kwa adabu ya mtu aliyesoma, jinsi inavyouma kubisha hodi kwa jirani mikono mitupu, na alikuwa anapima sisi ni sisimizi wa namna gani. Nikakimbia uwanjani kumwomba radhi. Basi la kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu lilikuwa limeshaondoka naye.

Mwenzetu yule hakukosea neno hata moja, na hilo ndilo linalonitisha. Maneno yote aliyajua, asichokijua ni mahali yalikotoka. Ungekuwa wewe hemani siku ile, baada ya muhula mmoja tu wa fasihi, ungemjibu mzee mstari unaofuata, naye angejua amefika kwa watu.

Halafu wewe mwenyewe likizo iliyopita ulinionyesha jambo la Mwalimu Nyerere. Kwa Shakespeare mfanyabiashara wa Venice ni mmoja. Mwalimu alipoitafsiri tamthilia hiyo akamfanya wengi, akawaita mabepari, na kitabu, Mabepari wa Venisi, kikatoka 1969, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha, wakati neno hilo liko midomoni mwa kila mtu. Mwenye kamusi peke yake angeandika "Mfanyabiashara wa Venisi" na hakuna ambaye angemkosoa. Mwalimu alikuwa rais, ana kazi kuliko mkalimani yeyote, na bado alikaa usiku na tamthilia za Mwingereza aliyekufa 1616.

Kwa hiyo chukua ukalimani, chukua na Kifaransa cha biashara kama ratiba inaruhusu, ila fasihi usiiache. Wala si ya waliokufa Ufaransa tu: Mariama Bâ alikuwa Msenegali, Oyono Mkameruni, na wewe ndiye uliyenitajia majina hayo kwa furaha ambayo sikuiona kwenye barua hii. Baba yako anasema kama ni ada ya muhula wa ziada, mbuzi wapo.

Nimekutumia dagaa na chupa ya mawese kwa basi la Jumatano. Ukija Desemba, njoo na shairi lile la nyenje. Nisomee kwanza kwa Kifaransa, niusikie tena mdundo wa yule mzee, kisha tukae na bibi yako tuliweke kwa Kiha.

Mama yako