Pawa saplai ya sintesaiza huhesabiwa kwa umeme wa saa moja usiku

Ujumbe umeingia wiki hii kutoka kwa msomaji anayejijengea nyumbani sintesaiza ya moduli (ala ya muziki ya umeme inayoungwa kipande kwa kipande): "Kaka, mchana inapiga safi kabisa. Ikifika saa moja usiku inaanza kunguruma na noti zinatetemeka. Nimeshabadilisha osileta mbili, hali ni ileile." Ndugu yangu, ya tatu usiiguse. Osileta zako, yaani moduli zinazozalisha noti, ni nzima. Tatizo liko kwenye pawa saplai, na kwa maelezo uliyonitumia umeijenga kwa transfoma ya 12-0-12, yaani volti 12 kila upande wa uzi wa katikati.

Transfoma hiyo huvutia kwa sababu namba yake inafanana na namba unayoitafuta. Mfumo wa moduli wa Eurorack, ule aliouanzisha Dieter Doepfer kule Ujerumani katikati ya miaka ya 1990, unataka +12V, −12V na graundi katikati. Mtu anaona 12-0-12 dukani, moyo unatulia. Sasa tupige hesabu. Volti 12 za AC (umeme wa kupishana) zikipita kwenye daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) na kujaza kapasita (tangi dogo la umeme) hupanda hadi kilele chake, yaani 12 mara 1.41, karibu 17. Daiodi inakula kama 0.9, unabaki na 16.1. Kapasita inajazwa mara 100 kwa sekunde, na kati ya jazo moja na lingine inashuka kadiri moduli zinavyokula umeme. Kwa nusu ampea na kapasita ya 4700µF inashuka takriban volti 1. Kwa hiyo bondeni kabisa una 15. Regyuleta ya 7812, kifaa kinachoushusha umeme na kuunyoosha hadi +12V, inataka kuingiziwa angalau 14 ndipo itoe 12 iliyonyooka. Akiba yako ni volti moja, tena pale ukutani penye 230V kamili.

Saa moja usiku mtaa mzima umewasha taa, pasi na majiko. Ukutani pakishuka hadi 190V, transfoma hiyo inatoa 9.9 badala ya 12. Kilele ni 14, toa daiodi, unabaki na 13.1. Hapo 7812 haizimi wala haitoi moshi. Inaacha tu kuchuja, na mawimbi yote ya kapasita yanapita moja kwa moja hadi kwenye osileta. Katika mfumo huu oktava moja ni volti 1, maana yake nusu toni ni milivolti 83. Osileta inayotikiswa kwa mamia ya milivolti kwenye njia yake ya umeme haiwezi kushika noti, hata ungeinunua kwa bei gani.

Nunua 15-0-15. Umeme ukishuka hadi 190V itakupa 12.4, kilele 17.5, baada ya daiodi 16.6, na bondeni 15.6. Bado una volti moja na nusu juu ya mahitaji. Gharama ya akiba hiyo ni joto: ukutani pakiwa 230V na moduli zikila nusu ampea, kila regyuleta itachoma karibu wati 4. Wapo wanaoruka hadi 18-0-18 kwa kuogopa zaidi. Hao wanachoma wati 6 upande mmoja, na kisanduku kinakuwa jiko. Kaa kwenye 15.

Ampea zihesabu kabla hujaenda dukani. Andika kila moduli inakula miliampea ngapi upande wa +12 na ngapi upande wa −12, jumlisha kila upande peke yake, kisha ongeza theluthi. Upande wa chanya karibu kila mara ndio mzito, hasa ukiwa na moduli za dijitali zenye skrini. Jibu la DC (umeme ulionyooka) ulilopata lizidishe kwa 1.8 ndipo upate ampea za transfoma, kwa sababu kapasita hunyonya kwa mikupuo mifupi na waya wa transfoma hupata joto zaidi ya unavyotarajia. Kwa mfumo unaokula hadi ampea 1 kila upande, transfoma ya 2A inatosha. Hiyo ni 60VA (volti 30 mara ampea 2), na ya chuma cha kawaida huwa na uzito wa karibu kilo moja. Muuzaji akikupa yenye maandishi ya 2A lakini mkononi ni nyepesi kama nusu kilo, irudishe. Chuma na shaba havidanganyi, lebo inadanganya.

Vifaa vingine ni hivi: daiodi 1N5408 nne, kapasita mbili za 4700µF 35V, 7812 moja, 7912 moja (regyuleta ya upande wa hasi), daiodi 1N4002 nne, rezista mbili za 2.2k nusu wati, kapasita ndogo za 0.33µF na 0.1µF kwa 7812, kapasita mbili za 25µF 35V kwa 7912, hitisinki (chuma cha kutoa joto), maika mbili (vipande vyembamba vya kuzuia umeme) na washa zake za plastiki, fyuzi ya T500mA (ya kuchelewa kukatika) na kishikio chake, swichi, na waya wa nyuzi tatu wenye plagi. Ndani ya plagi weka fyuzi ya 3A, ile ya 13A itoe. Kapasita za 25V usikubali hata ukipewa bure: bila mzigo transfoma ya 15 hutoa kama 17, kilele 24, na siku umeme ukipanda inavuka 25. Kwa hitisinki, ile ya prosesa ya kompyuta mbovu ya mezani inafaa sana.

Anza na upande wa umeme wa ukutani, na hapa usiwe na haraka. Waya wa laivu unapita kwenye fyuzi, kisha swichi, kisha transfoma. Nyutro inaenda moja kwa moja. Ethi inafungwa kwa skrubu kwenye bodi ya chuma ya kisanduku, rangi ikiwa imekwanguliwa hadi chuma kionekane, na waya wake uache mrefu kuliko zile mbili ili waya ukivutwa kwa nguvu ethi iwe ya mwisho kung'oka. Kila mahali penye 230V pafunike kwa mpira wa kujibana. Tena nisikike vizuri: usikate ethi ili kuondoa muungurumo. Ushauri huo unazunguka sana kwa watu wa stejini. Siku transfoma inapovuja, bodi nzima inakuwa laivu, na mkono wako uko kwenye vitufe.

Upande wa pili, nyuzi mbili za pembeni za transfoma zinaingia kwenye daraja la daiodi nne, na uzi wa katikati ndio graundi yako. Kapasita ya kwanza inakaa kati ya chanya na graundi, ya pili kati ya graundi na hasi, ile ya pili ikiwa na mguu wake wa chanya kwenye graundi. Ukiigeuza itavimba na kupasuka. Rezista za 2.2k zinalazwa sambamba na kila kapasita ili ziimalize chaji ndani ya nusu dakika baada ya kuzima.

Sasa tunafika mahali ambapo pawa saplai nyingi hufia, nami nitatulia hapo kidogo. Shika 7812 maandishi yakikutazama: kutoka kushoto ni kuingiza, graundi, kutoa. Shika 7912 vivyo hivyo: graundi, kuingiza, kutoa. Miguu haifanani, na aliyezoea moja huiunga ya pili kwa mazoea. Halafu angalia bapa la chuma lenye tundu mgongoni. La 7812 limeungwa na graundi. La 7912 limeungwa na mguu wa kuingiza, yaani lina volti kama 20 za hasi muda wote. Ukilifunga moja kwa moja kwenye hitisinki iliyogusa bodi, umeunganisha hasi na ethi. Kwa hiyo paka grisi ya joto nyembamba, weka maika, paka tena, ingiza washa ya plastiki kwenye tundu, ndipo upitishe skrubu. Kabla ya kuwasha, weka mita kwenye mlio (inalia umeme ukipata njia) na ugusishe bapa na hitisinki. Ikilia, fungua uanze upya. Mara nyingi ni washa iliyopasuka au kijichuma kidogo cha tundu kilichotoboa maika.

7812 huvumilia mengi: 0.33µF mbele na 0.1µF nyuma, imeridhika. 7912 haivumilii. Bila kapasita ya kutosha kwenye mguu wa kutoa huanza kutetemeka yenyewe kwa masafa usiyoyasikia, mita inasoma namba za ajabu, regyuleta inachemka bila mzigo, na mtu anaitupa akidhani ni feki. Mpe 25µF mbele na 25µF nyuma, karibu kabisa na miguu, si kwa waya wa sentimita kumi.

Daiodi za 1N4002 wengi huziacha kwa kuwa saketi inafanya kazi bila hizo. Inafanya, hadi siku moja upande mmoja unachelewa kuamka na mwingine unauburuta upande wa pili wa sifuri, regyuleta inakwama humo. Weka moja kati ya +12 na graundi, mstari uliochorwa kwenye mwili wake ukitazama +12, na moja kati ya graundi na −12, mstari ukitazama graundi. Mbili zilizobaki zinavuka kila regyuleta kati ya kutoa na kuingiza: kwa 7812 mstari uangalie kuingiza, kwa 7912 mstari uangalie kutoa.

Graundi ndiyo inayotofautisha pawa saplai inayofanya kazi na pawa saplai ya muziki. Uzi wa katikati wa transfoma ufike kwanza pale kapasita mbili kubwa zinapokutana. Kutoka hapo uende waya mmoja tu mnene hadi kwenye ubao wa kugawia umeme. Ukiunga graundi ya moduli kwenye uzi wa transfoma kabla ya kapasita, mikupuo yote ya kujaza itapita njia moja na sauti yako. Waya wenyewe tumia wa 1.5mm², ule wa kuwekea umeme nyumbani. Nusu mita ya waya mwembamba wa 0.14mm² ikibeba nusu ampea inapoteza kama milivolti 31, zaidi ya theluthi ya nusu toni, na inabadilika kila taa ya moduli inapowaka na kuzima. Waya wa 1.5mm² kwa urefu huohuo unapoteza milivolti 3. Inauma kuona mtu anajinyima miezi sita anunue filta nzuri, halafu anailisha kwa uzi wa spika ya redio.

Kama 230V inakutisha, na woga huo ni wa busara, kuna njia nyingine. Chukua adapta mbili za DC za 15V zinazofanana, unga chanya ya moja na hasi ya nyingine, na hapo zinapokutana ndiyo graundi. Nyuma yake weka regyuleta zilezile. Ila zisiwe adapta za laptopu zenye plagi ya ethi, kwani nyingi kati yake hasi imeungwa na ethi. Ukiziunga mbili hivyo, ethi ya ukutani inaifanyia shoti mojawapo. Pima kwanza kwa mlio kati ya hasi ya adapta na pini ya ethi.

Kuwasha kwa mara ya kwanza kufanyike bila moduli hata moja, ukiwa umeweka balbu ya zamani ya waya, wati 60, kwenye njia ya laivu. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zinajaa, endelea. Ikiwaka na kubaki, kuna shoti, zima. Pima kapasita kubwa: 23 hadi 25 kila moja. Pima kutoa: kati ya 11.5 na 12.5 pande zote mbili, ukiangalia alama ya hasi ipo kweli. Toa balbu ya majaribio, kisha weka mzigo: balbu ya gari ya 12V 5W upande wa chanya na nyingine upande wa hasi, kila moja inakula kama 0.42A. Ziache zikiwaka nusu saa. Hitisinki iwe ya moto lakini uweze kuishika kwa sekunde tano.

Ukiunga moduli ukasikia mvumo, tumia kinanda kuutambua. Umeme wetu ni wa 50Hz, ambayo iko karibu na sol ya chini ya 49Hz. Mvumo wa 100Hz ni sol ya oktava ya juu yake. Ukifanana na ya juu, regyuleta imeishiwa nafasi au graundi imeungwa pabaya. Ukifanana na ya chini, ama daiodi moja ya daraja imekufa, ama transfoma iko karibu mno na moduli. Isogeze angalau sentimita 15, na kabla hujaikaza izungushe polepole huku unasikiliza. Kuna pembe ambayo mvumo hupungua ghafla.

Moduli ziunge moja moja, umeme ukiwa umezimwa. Mstari mwekundu wa waya bapa uende kwenye −12. Kwenye soketi ya pini 10 ukigeuza waya, +12 na −12 zinabadilishana mahali, na moduli isiyo na daiodi ya kinga inaungua ukiwasha, kabla hujaifikia swichi kuzima.

Halafu subiri saa moja usiku. Moduli zote zikiwa zinapiga, weka mita kwenye kapasita kubwa ya upande wa chanya, maana 7812 huishiwa nafasi kabla ya 7912. Mita husoma wastani, si bonde, kwa hiyo 14 haitoshi. Ukisoma 15.5 na kuendelea, funika kisanduku. Ukisoma chini ya 15, punguza moduli au ongeza kapasita nyingine ya 4700µF sambamba, pima tena kesho saa ileile.