Maswali Yenu: Mtumishi wa ndani aliyemfunga Capablanca

Shikamoo mhariri. Kijiweni kwetu Mikindani tunacheza drafti kwa visoda, juzi mzee mmoja kaja na ubao wa chesi, jamaa wakamkatalia eti huo mchezo wa matajiri na wasomi wa Ulaya. Hivi kweli hakuna mtu wa chini aliyewahi kutamba kwenye chesi? (Msomaji, Mikindani)

Marahaba mwanangu. Waambie jamaa zako sio kweli hata kidogo. Kwanza chesi asili yake ni India, ikapita Uajemi, ikaja kwa Waarabu, ndo Wazungu wakaipokea. Halafu wasimulie habari za Mir Sultan Khan.

Huyu alikua mtumishi wa tajiri mmoja wa Punjab, India ya enzi hizo, Sir Umar Hayat Khan. Chesi aliyokulia nayo ilikua ya kihindi, ambayo askari wa mbele anaanza kwa hatua moja tu, sio mbili, kwa hiyo sheria za kizungu ilibidi azisome ukubwani. Mwaka 1929 bosi wake akampeleka London na mwaka huohuo jamaa akabeba ubingwa wa Uingereza, akaubeba tena 1932 na 1933, na katikati hapo kwenye mashindano ya Hastings ya 1930 kuingia 1931 akamfunga Capablanca, bingwa wa zamani wa dunia, tena sio kwa bahati, alimbana taratibu mpaka akakosa pa kusogea. Na yote hayo anayafanya huku malaria inamsumbua na baridi ya kule inamtesa, mara nyingine anakaa kwenye ubao shingo imeviringishwa vitambaa! Sisi wa huku tunaijua malaria, hata kuhesabu chenji unashindwa.

Kinachoniuma mimi ni hiki. Mchezaji chesi wa Marekani, Reuben Fine, alisimulia kuwa yeye na wenzake walialikwa chakula nyumbani kwa yule tajiri, wakafika wakakuta anayewahudumia mezani ni Sultan Khan mwenyewe. Mwisho wa 1933 bosi akarudi India, na yeye akarudi nae, mashindano makubwa yakaishia hapo. Alifariki 1966 huko Sargodha, Pakistan. Heshima ya grandmasta, cheo cha juu kabisa cha wachezaji chesi, kapewa 2024, miaka 58 yupo kaburini. Mi naona walichelewa mno.

Mhariri, nasikia zamani kabla ya kompyuta kuna mashine ilimfunga Napoleon chesi. Ulikua uchawi au? (Msomaji, Nachingwea)

Hapana kaka, ulikua ujanja. Wolfgang von Kempelen aliitengeneza 1770 kumfurahisha malkia Maria Theresa kule Vienna, sanamu la mtu kavaa kilemba kakaa nyuma ya kabati. Kabla ya mchezo anafungua milango ya kabati mmoja mmoja watu waone magurudumu tu, kumbe ndani kuna mchezaji anahama upande huu na huu kwenye kiti kinachoteleza. Kete zilikua na sumaku, zikisogezwa juu yeye anaona chini kipi kimehama. Napoleon alicheza nayo 1809. Iliungua moto Philadelphia mwaka 1854.

Mhariri, binti yangu wa darasa la sita anataka kujifunza chesi, baba yake anasema hakuna mwanamke anayeweza. Nimjibuje? (Mama, Lindi mjini)

Dada, mtajie Vera Menchik, mzaliwa wa Moscow, bingwa wa kwanza wa dunia kwa wanawake, 1927, na taji lile hakunyang'anywa na mtu mpaka bomu lilipomuua London mwaka 1944 pamoja na mama yake na mdogo wake. Mwaka 1929 alialikwa kwenye mashindano ya Karlsbad kucheza na wanaume tupu, mmoja anaitwa Albert Becker akatania kuwa atakayefungwa na huyu mama aingizwe kwenye klabu ya Vera Menchik. Mwanachama wa kwanza akawa Becker mwenyewe. Baadae akaingia na Max Euwe, yule aliyekuja kuwa bingwa wa dunia 1935.