Makala Kurejelewa Sana Kunamsaidiaje Mgonjwa wa Moyo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa utabibu hapa Tabora. Mwalimu wetu, alipokuwa akifundisha kifua kikuu cha utando wa moyo, alimtaja Profesa Bongani Mayosi wa Afrika Kusini na kusema kwamba makala zake hurejelewa sana na watafiti wenzake. Naelewa kuwa hiyo ni sifa, ila sioni inamhusu vipi mgonjwa anayeletwa kutoka Urambo akiwa amevimba miguu na hawezi kulala chali. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na huyo mgonjwa wa Urambo, kwa kuwa utafiti wa Profesa Mayosi ulihusu watu wenye hali kama yake.

Kifua kikuu kikishambulia utando unaouzunguka moyo, maji hujaa ndani yake na kuubana moyo usitanuke. Baadaye, hata vijidudu vikishakufa, utando huo unaweza kukakamaa kama ganda. Kwa miaka mingi madaktari waliongeza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe mwilini, juu ya dawa za kifua kikuu wakitumaini kupunguza vifo, ingawa ushahidi wao ulitokana na tafiti ndogo ndogo. Mayosi na wenzake waliwashirikisha wagonjwa 1,400 katika hospitali 19 za nchi 8 za Afrika, zikiwamo Kenya, Uganda na Malawi. Baadhi walipewa prednisoloni, wengine kidonge kisicho na dawa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine. Vifo, maji kuubana moyo na utando kukakamaa vilipohesabiwa pamoja, tofauti haikuwa ya maana: asilimia 23.8 kwa waliopewa dawa na 24.5 kwa wasiopewa. Kukakamaa peke yake kulipungua, kutoka asilimia 7.8 hadi 4.4, lakini saratani zinazoambatana na VVU ziliongezeka, na takriban theluthi mbili ya wagonjwa hao walikuwa na VVU.

Mwaka 2015 Jumuiya ya Madaktari wa Moyo ya Ulaya ilitoa mwongozo wa maradhi ya utando wa moyo, ukasema kwamba dawa za jamii ya prednisoloni zinaweza kufikiriwa kwa mgonjwa asiye na VVU na ziepukwe kwa mwenye VVU. Swali lililoulizwa katika wodi za Afrika, likajibiwa na wagonjwa wa Afrika, liligusa tiba ya Ulaya pia, na kwangu hilo lina uzito kuliko hesabu yoyote ya marejeo.

Hesabu zenyewe zipo. Inayotajwa zaidi ni kipimo cha h, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 40 ana makala 40 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 40. Kipimo hicho hakitofautishi aliyerejelewa kwa kukubaliwa na aliyerejelewa kwa kupingwa, wala hakionyeshi nani kati ya waandishi wengi wa makala moja alifanya kazi ipi. Kwa hiyo, ukisikia mtafiti anarejelewa sana, uliza anarejelewa na nani, na kwa jambo gani.

Mayosi alifariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 51. Mgonjwa wako akifika na ikathibitika ana kifua kikuu cha utando wa moyo, ni kazi ya Mayosi itakayomfanya daktari wako atake kwanza majibu ya kipimo cha VVU kabla ya kuandika prednisoloni.