Maswali na majibu: Malta, msimu kwa msimu

Maswali haya yametoka kwa wasomaji walio Ulaya, Ghuba na nyumbani Afrika Mashariki. Tumeyafupisha na kuunganisha yaliyofanana.

Tunaishi Hamburg, watoto wana miaka 4 na 7, na likizo yetu ni mwisho wa Julai. Tunataka ufukwe wa mchanga na maji mafupi.

Nendeni Għadira, katika ghuba ya Mellieħa. Ni mchanga wa mita 800 hivi, mrefu kuliko wote kisiwani, na maji yake hubaki chini ya kiuno cha mtu mzima umbali mzuri kutoka nchi kavu. Mabasi 41 na 42 kutoka Valletta, na 222 kutoka Sliema, hupita kando yake. Julai fikeni kabla ya saa tatu asubuhi. Wakazi wenyewe hujaa baada ya hapo na kivuli cha bure hakuna.

Lakini msiamue ufukwe kabla ya kujua upepo. Sisi wa pwani tumezoea kaskazi na kusi, pepo zinazokaa kwa miezi. Malta upepo unaweza kugeuka baada ya siku mbili tatu, na kisiwa chenyewe ni kilomita 27 kwa 14 na kidogo, kwa hiyo karibu siku zote kuna upande uliotulia ulio mwendo wa basi moja au mawili tu. Jifunzeni majina matatu. Majjistral hutoka kaskazini-magharibi na ndio unaovuma mara nyingi zaidi. Siku yake Golden Bay na Għajn Tuffieħa, zinazotazama magharibi, huwa na mawimbi na mkondo unaomvuta mtu nje, ilhali Għadira na pwani ya mashariki huwa afadhali. Grigal hutoka kaskazini-mashariki na kuvuruga Għadira yenyewe pamoja na Sliema. Siku hiyo ndipo mwende Golden Bay. Xlokk hutoka kusini-mashariki, wa joto na unyevu, mara nyingine na vumbi la Sahara. Huharibu Marsaxlokk na upande wote wa kusini, basi kimbilieni kaskazini, hata ufukwe wa Ramla kwenye kisiwa jirani cha Gozo. Utabiri ukionyesha upepo wa nguvu 4 kwa kipimo cha Beaufort ukielekea ufukwe wenu, watoto hawaogelei pale. Na upepo ukikoma usiku, mawimbi yake yanaweza kuendelea hadi kesho yake mchana.

Kuna pia konyeza, hasa yule mdogo wa zambarau. Upepo humsukuma pamoja na taka zinazoelea, hivyo ukiona majani na vijiti vimejikusanya pwani, tazama maji vizuri kwanza. Bendera ya zambarau kwenye kituo cha waokoaji ina maana hiyo hiyo. Mtoto akichomwa: mwoshe kwa maji ya bahari, usitumie maji baridi ya bomba wala kusugua kwa taulo, kwa sababu vyote viwili hupasua vifuko vya sumu vilivyobaki kwenye ngozi. Paka uji wa bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, nusu kwa nusu na maji ya bahari, subiri dakika chache kisha kwangua kwa ukingo wa kadi ya benki. Siki wanayoisifu wengi haimfai konyeza huyu.

Je, Gozo inatosha kwa siku moja bila gari?

Inatosha kwa sehemu tatu. Ukitaka sita utaziona kupitia dirisha la basi.

Feri kubwa huondoka bandari ya Ċirkewwa, upande wa Malta, kwenda bandari ya Mġarr, upande wa Gozo, usiku na mchana, mwendo wa dakika 25. Kwenda hulipi kitu. Nauli ya kwenda na kurudi, euro 4.65 kwa mtu mzima asiye na gari, hulipwa Mġarr wakati wa kurudi. Ugumu uko kwenye basi la kufika Ċirkewwa. Kutoka Valletta majira ya joto hesabu saa nzima na zaidi, na likishajaa dereva hasimami vituo vya katikati. Pandia kituo kikuu cha Valletta kabla ya saa mbili asubuhi, na popote pengine mpungie dereva mkono, usipompungia anakupita. Anayelala Valletta ana boti ya kasi inayokwenda Mġarr moja kwa moja kwa dakika 45. Boti hiyo hulipiwa kwenda na kurudi, na ndiyo ya kwanza kusitishwa bahari ikichafuka, hasa siku za grigal. Ikisitishwa ukiwa Gozo, rudi kwa feri kubwa, usikae kungoja tangazo.

Ukishuka Mġarr panda basi 301 hadi Victoria, mji mkuu wa Gozo. Mabasi ya Gozo mengi hupita mara moja kwa saa, kwa hiyo panga siku kwa ratiba ya kuondoka, si kwa hamu yako. Mpangilio unaofanya kazi ni huu: kwanza Xagħra kwa mahekalu ya Ġgantija, yaliyojengwa kati ya mwaka 3600 na 3200 kabla ya Kristo, kabla ya piramidi za Giza. Saa nzima inatosha, na asubuhi mawe hayajapata joto. Kisha Victoria kwa chakula na kupanda ngome ya Ċittadella. Kutembea juu ya kuta zake ni bure. Mwisho basi 311 hadi Dwejra alasiri. Lile tao la jiwe unaloliona kwenye picha za mitandaoni, Azure Window, lilianguka baharini tarehe 8 Machi 2017, na bado wapo wanaofika wakiliuliza. Kilichobaki kinatosha: ziwa dogo la maji ya bahari ambalo vidau hulitoka kwa kupita pango lililotoboka mwamba mzima hadi bahari kuu. Safari ni robo saa hivi, na ikiwa mawimbi yanaingia pangoni, hawaendi.

Ukiwa na usafiri wako, ongeza Xwejni, karibu na Marsalforn, penye mashamba ya chumvi yaliyochongwa kwenye mwamba. Kazi hufanyika kuanzia Mei hadi Septemba: maji ya bahari huachwa kwenye vijishimo yakauke, chumvi ikafagiliwa kwa ufagio na kutiwa magunia. Usikanyage vijishimo. Kando ya barabara huuza mifuko. Nunua hapo badala ya uwanja wa ndege.

Blue Lagoon, ile ghuba ya kisiwa kidogo cha Comino, inafaa?

Kwa picha, ndiyo. Kwa kupumzika Agosti, hapana. Tangu Mei 2025 kuna mfumo wa kuweka nafasi mtandaoni kabla ya kushuka: ni bure, unapata msimbo wa QR kwenye simu, ukifika unafungwa utepe mkononi. Anayeshuka bila hiyo hurudishwa. Tazama kama mwenye boti amekuwekea nafasi au kazi hiyo ni yako. Comino haina magari na haina miti ya maana. Beba maji lita mbili kwa kila mtu. Machi na Aprili kisiwa kina maua, na wenye nia ya kutembea tu hadi mnara wa mwaka 1618 wataupenda zaidi wakati huo, ingawa boti huwa chache.

Nimepata tiketi rahisi ya Februari. Nakuja na mama, ana miaka 68. Kuna kitu cha kufanya au tutakaa hotelini?

Februari ni mwezi mzuri kuliko sifa zake. Mchana ni nyuzi 15 au 16, bahari nayo nyuzi 15, kwa hiyo sahau kuogelea. Nyumba nyingi hazina joto la kutosha na mawe hutunza baridi; mama abebe sweta la ndani ya nyumba, si la nje tu. Jua huzama kabla ya saa kumi na mbili jioni.

Tarehe 10 Februari ni sikukuu ya kuvunjikiwa merikebu kwa Mtume Paulo, na ni siku ya mapumziko ya taifa. Waliosoma Matendo ya Mitume sura ya 27 na 28 wanakijua kisiwa hiki kwa jina la Melita, na ule upepo wa Eurakilo uliowatupa ndio wakazi wanaouhusisha na grigal. Valletta kuna maandamano ya sanamu, bendi na karatasi zinazomwagwa kutoka vibarazani. Fikeni asubuhi na mkae karibu na kanisa la Mtume huyo; mitaa ya Valletta ina ngazi na miteremko mikali, hivyo msimchoshe mama kwa kuzunguka. Siku nyingine mpelekeni Rabat kwa basi 51, 52 au 53 kuona pango linalosemekana mtume alikaa. Mji wa kale wa Mdina uko hatua chache tu, na ni tambarare.

Wewe mwenyewe ukitaka kutembea, fuata Victoria Lines, ukuta wa Waingereza wa kilomita 12 unaokata kisiwa. Kipande cha kati ya Binġemma na Mosta kinatosha kwa nusu siku. Mvua ikiwa imenyesha, epuka miteremko ya udongo wa mfinyanzi iliyo kando ya ufukwe wa Għajn Tuffieħa: hunata kwenye soli mpaka kiatu kinakosa mshiko. Kwenye magenge ya Dingli usisimame ukingoni, maana chini yake mara nyingi kumeliwa. Utaona herufi RTO zimepakwa rangi kwenye mawe. Ni wenye mashamba, wengi wao wawindaji, wanaodai eneo. Msimu mkuu wa kuwinda ndege ni Septemba 1 hadi Januari 31, kwa hiyo Februari milio ya bunduki hupungua.

Naandika kutoka Muscat. Nasikia Agosti kila kijiji kina sherehe. Nianzie wapi? Na chakula?

Anza na Santa Marija, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, tarehe 15 Agosti. Parokia saba husherehekea siku moja: Mosta, Attard, Gudja, Għaxaq, Mqabba, Qrendi, na Victoria kule Gozo. Usijaribu mbili usiku mmoja. Wapenda fataki huenda Mqabba au Qrendi mkesha wa tarehe 14. Wapenda bendi na maandamano huenda Mosta siku yenyewe. Mabasi hubadilishiwa njia na vituo vya katikati ya kijiji hufungwa bila maelezo mengi, kwa hiyo shuka kituo kimoja kabla na utembee. Kuna pia baruti za mchana zisizo na rangi, kishindo tu, tangu asubuhi. Mwenye mtoto mchanga asichukue chumba karibu na kanisa.

Pastizzi, sambusa zao za jibini au njegere, huuzwa kila kona, lakini unga mara nyingine hukandwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza kabla. Msikiti mkuu, Mariam Al-Batool, uko Paola.

Tiketi za Ħal Saflieni Hypogeum zimeisha. Kuna njia?

Ipo moja. Makaburi hayo ya chini ya ardhi, yaliyo Paola, huingiza watu 10 tu kwa zamu ili pumzi na joto la miili visiharibu rangi za ukutani, ndiyo maana tiketi huisha wiki kadhaa kabla. Tiketi chache za mwisho huuzwa siku moja kabla ya ziara, kuanzia saa tatu asubuhi, katika ngome ya St Elmo mjini Valletta na makumbusho ya akiolojia ya Gozo. Ni ghali zaidi, na foleni huanza mapema. Watoto chini ya miaka 6 hawaingii, wala kamera.

Soko la samaki la Marsaxlokk ni kila siku?

Lile kubwa ni Jumapili. Njoo kwa basi 81 au 85 kutoka Valletta, uwe umefika saa mbili asubuhi. Kufikia saa tano samaki wazuri wameondoka na zimebaki shuka za meza na vikumbusho. Kuanzia nusu ya pili ya Agosti hadi Desemba ulizia lampuki, yaani fulusi. Wavuvi hutandaza vichanja vya makuti ya mtende baharini, samaki hujikusanya chini ya kivuli chake, kisha huzungushiwa wavu. Mbichi ana jicho angavu na mng'ao wa dhahabu na kijani ubavuni. Akiwa wa kijivu mtupu amekaa. Kilo moja na nusu inatosha watu wanne. Mwambie muuzaji akukatie vipande vya kukaanga, atakufanyia bila malipo ya ziada kama hakuna foleni.