Maswali ya Wasomaji: Bwawa la Shambani Linapozeeka

Katika ukanda wa wafugaji wa Uganda, kuanzia Isingiro kupitia Nakasongola hadi Karamoja, kuna mabwawa mengi ya udongo yaliyochimbwa na wazee ambao hawapo tena. Warithi wanajua kunywesha, lakini hakuna aliyewaonyesha namna ya kulikagua tuta. Barua za safari hii tumezijibu kwa urefu kadiri ya uzito wake.

Chini ya tuta pamelowa. Tuzibe?

*Bwawa letu lina zaidi ya miaka 30. Tuta ni la udongo, kimo chake mita 5. Upande wa nje, chini kabisa, pamekuwa na unyevu tangu zamani, ila sasa maji yanatiririka hata wakati wa kiangazi. Majirani wanatushauri tushindilie udongo wa mfinyanzi pale. – Mfugaji, Nakasongola*

Tafadhali msizibe. Maji yakikosa pa kutokea yatajaa ndani ya tuta, udongo utakuwa mzito na laini, na upande wa nje utaporomoka. Kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo. Cha kuchunguza ni kama maji hayo yanabeba udongo, na kama yanaongezeka.

Anzeni na rangi. Kingeni maji kwenye chupa isiyo na rangi, muiache imetulia kwa saa moja. Chupa ikibaki safi, mna nafasi ya kufanya kazi kwa utaratibu. Mkiona tabaka la tope chini ya chupa, hata jembamba kama ukucha, basi udongo wa tuta unahama chembe kwa chembe na tundu linarefuka kurudi nyuma kuelekea kwenye maji. Hapo anzeni kupunguza maji siku hiyohiyo na mwiteni mhandisi.

Kisha pimeni kiasi. Chimbeni kijifereji kifupi, mwelekeze maji yote kwenye kipande cha bomba, wekeni jerikani ya lita 20 na mhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 40, mnapoteza nusu lita kila sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Ng'ombe mmoja akinywa lita 40, hayo ni maji ya ng'ombe zaidi ya elfu moja. Kila wiki andikeni kwenye daftari tarehe, sekunde, kimo cha maji kwenye nguzo iliyochorwa sentimita, na kama mvua ilinyesha. Maji yanayovuja yakipanda na kushuka pamoja na bwawa, hiyo ni kawaida yake. Yakiongezeka ilhali bwawa halijapanda wala mvua haijanyesha, njia inapanuka.

Dawa ya mahali palipolowa ni chujio, ambalo huyaacha maji yatoke na kuuzuia udongo. Parueni nyasi na udongo laini wa juu, sentimita 10 hivi. Tandazeni mchanga wa mto wenye chembe nene, sentimita 30, kisha kokoto ndogo sentimita 20, juu kabisa mawe sentimita 30 au zaidi ili uzito ulikandamize chujio lisiinuke. Lipite ukingo wa unyevu kwa mita 1 hadi 2 kila upande. Mpangilio huo usigeuzwe. Wengi huanza na mawe kwa kuwa ndiyo yaliyo karibu, na udongo hupita katikati yake kana kwamba hakuna kitu. Mchanga nao uwe safi: uutikise ndani ya chupa ya maji, na maji yakibaki mazito kama chai ya maziwa, tafuta mwingine.

Magunia kwenye utoro

*Kabla ya kiangazi hupanga magunia ya mchanga kwenye utoro, yaani njia ya kutolea maji ya ziada, ili bwawa libaki na maji zaidi. Kimo cha magunia ni nusu mita. Utoro una upana wa mita 6, na mgongo wa tuta uko mita 1 juu ya sakafu ya utoro. Maji hutoka kwenye eneo la ekari 200 hivi. Kuna ubaya? – Kiruhura*

Upo, na ni mkubwa kuliko wa barua iliyotangulia. Tuta la udongo halijengwi lipitiwe na maji juu yake. Yakishaanza kumwagika kwenye mgongo, huchimba mteremko wa nje kuanzia chini kurudi juu, na saa chache zinatosha kulikata.

Tupige hesabu kwa vipimo vyako. Maji yanayopita kwenye utoro mpana ulio tambarare ni takribani 1.7 mara upana mara kina kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Tuache sentimita 30 kwa ajili ya mawimbi. Bila magunia, kina kinaweza kufika sentimita 70, na utoro wako hupitisha karibu mita za ujazo 6 kwa sekunde. Ukiweka magunia, kina kinachobaki ni sentimita 20, na kinachopita hakifiki hata mita 1 ya ujazo. Umeinua maji nusu mita ukapoteza zaidi ya sehemu tano kati ya sita za uwezo wa utoro.

Sasa mvua. Ekari 200 ni hekta 81. Mvua ya milimita 80 kwa saa, ikiwa asilimia 30 hivi ndiyo inayotiririka badala ya kuzama ardhini, huleta mita za ujazo 5.4 kwa sekunde. Utoro wako ulivyojengwa unazimudu kwa kubana. Wenye magunia hauwezi. Usitegemee kwamba mafuriko yatayasukuma magunia yenyewe: yakikataa, tuta litapitiwa, yakiondoka yote kwa mkupuo, wimbi litawakuta walio bondeni.

Yaondoe wiki hii. Ukitaka maji zaidi, chimba tope ndani ya bwawa wakati limekauka, ukikaa mita 10 au zaidi kutoka mguu wa tuta, na usimame ukifika kwenye mfinyanzi unaoshika maji. Ukiutoboa mfinyanzi huo, bwawa litanywewa na ardhi kutoka chini. Na kama unafuga samaki, wavu wa matundu madogo kwenye mdomo wa utoro ni sawa na magunia, kwa sababu nyasi na gugu maji huuziba katika dakika za kwanza za mvua kubwa. Usogeze wavu mbele ndani ya bwawa, uuzungushe kwa nusu duara lililo refu mara kadhaa kuliko upana wa utoro, na uusafishe kabla ya kila mvua.

Mikaratusi na kichuguu juu ya tuta

*Mikaratusi ilipandwa ili ishikilie udongo. Mingine ni minene kama paja, na pembeni yake kimeota kichuguu. – Lyantonde*

Mizizi haishikilii tuta, hulitoboa. Mti ukifa au ukikatwa, mizizi huoza taratibu na kuacha mabomba matupu ndani ya udongo. Upepo nao ukiung'oa mti, unaondoka na donge zima la tuta.

Miche isiyozidi unene wa kifundo cha mkono ing'oeni sasa. Mikubwa isubiri kiangazi. Maji yakiwa chini, kateni, mchimbue kisiki pamoja na mizizi minene, mpanue shimo liwe na kingo za mteremko, kisha mjaze udongo uleule wa mfinyanzi kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa kabla ya kuweka inayofuata. Unyevu wake pimeni kwa kiganja. Fanyeni tonge na mlibonyeze: likimeguka kuwa unga, ongezeni maji; likichafua kiganja na kung'aa, udongo umelowa mno; likishikamana bila kubandika, shindilieni.

Kichuguu kichimbeni hadi kwa malkia. Kuondoa kilima cha juu tu hakusaidii, maana vyumba na njia za mchwa ziko chini, na siku maji yatakapofika kimo chake yatazitumia. Msimwage sumu, kwani maji haya yananywewa. Baadaye pandeni nyasi za ukoka au paspalamu na mzikate zibaki sentimita 10 hadi 15, ili shimo la fuko au ufa uonekane kwa macho. Ng'ombe wafungiwe nje ya tuta kwa uzio, wanywee kwenye hodhi.

Bomba la chuma limeoza

*Bomba linalopita chini ya tuta lina kutu, na valvu iko upande wa nje. Siku hizi hutoa maji ya matope ingawa bwawa ni safi. Tubadilishe kipande kilichooza? – Isingiro*

Matope hayo ni habari mbaya, kwa kuwa udongo wa tuta unaingia kwenye bomba kupitia matundu ya kutu. Kagueni mgongo na miteremko juu ya mstari wa bomba. Kishimo kilichodidimia, hata kidogo kama sufuria, maana yake ni kwamba pango limeshafika karibu na juu. Valvu ikiwa nje, bomba hujaa maji yenye msukumo usiku na mchana, hivyo kuifunga hakupunguzi chochote ndani ya tuta.

Tuta lisikatwe ili kubadilisha kipande. Njia nafuu ni sifoni: bomba la HDPE (plastiki ngumu) linalopita juu ya mgongo, ncha moja majini na nyingine chini upande wa nje, kila ncha na valvu yake, na kiungo chenye kifuniko juu kabisa pa kulijazia maji. Katika mwinuko wa mita 1,200 hivi, hewa inaweza kuinua maji chini ya mita 9, na kwa kazi hii msipite 5 au 6 kutoka uso wa maji hadi kilele cha bomba. Bomba lenye kuta nyembamba na laini litafyonzwa na kujikunja. Chukueni la PN10, yaani linalohimili shinikizo la bar 10. Lenye kipenyo cha milimita 110, urefu wa mita 40 na tofauti ya kimo ya mita 3 hutoa karibu lita 18 hadi 20 kwa sekunde. Kwenye bwawa la hekta moja, hayo ni sentimita 16 au 17 kwa siku, mwendo unaofaa. Mkishusha zaidi ya sentimita 30 kwa siku, mteremko wa ndani uliolowa unaweza kuteleza.

Bwawa likishashuka, mhandisi ataziba mdomo wa ndani wa bomba la zamani na kulijaza uji wa saruji kutoka mwisho hadi mwisho, kisha ataweka chujio la mchanga kuzunguka sehemu ya nje.

Usiku wa hatari

*Tukiona tuta linaanza kuvunjika usiku wa mvua, tuanze na nini? Na je, sheria inasemaje? – Nakapiripirit*

Anzeni na watu. Bwawa la shamba binafsi lililopasuka huko Solai, Nakuru, nchini Kenya, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, liliua watu wasiopungua 47. Leo, kabla ya mvua, tembeeni bondeni chini ya tuta na mwandike kila nyumba, namba ya simu, na upande wa kukimbilia palipoinuka. Nakala moja apewe mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji). Ishara ikubaliwe mapema, iwe filimbi au debe, kwa kuwa mtandao wa simu unaweza kupotea. Polisi ni 999 au 112.

Watu wakishaondoka, wawili wafungue bomba na kuondoa takataka kwenye utoro. Maji ya matope yakibubujika mguuni pa tuta, zungushieni magunia ya mchanga na kumwaga mchanga na kokoto ndani ya duara, bila kufunika kwa mfinyanzi. Mkiona maji yanazunguka kama pia ya kuchezea upande wa ndani, hapo ndipo yanapoingilia: tupieni marobota ya nyasi na turubai kutoka ukingoni. Mgongo ukianza kubonyea, kila mtu atoke.

Kuhusu sheria, kazi za maji kama hizi zinahitaji kibali chini ya Sheria ya Maji, na vibali hutolewa na Wizara ya Maji na Mazingira. Anzieni kwa afisa wa maji wa wilaya, mkiwa na vipimo vya tuta na utoro pamoja na daftari la kuvuja. Na usiku huo ukipita salama, msifunge bomba asubuhi hata jua likiwaka. Bwawa libaki chini mpaka mhandisi alitembelee tuta pande zote mbili.