Usibandike hiyo lebo: kina cha wavu si kina cha samaki

Mkuu, weka kalamu chini kwanza. Umetupia picha ya samaki wa sentimita 43 aliyetoka kwenye wavu wa kukokota uliofika kina cha mita 1,310 nje ya Mtwara. Unauliza kama ni Abyssobrotula galatheae, yule samaki mdogo wa kina kirefu cha bahari, na kama "makazi: mita 1,310" inatosha kwenye lebo. Nilipofika hapo kwenye makazi chai ikanipalia.

Jina tulimalize haraka. Si galatheae. Yule hajulikani kuvuka sentimita 16 na nusu, na wako anamzidi zaidi ya mara mbili. Wala si mkunga, kama alivyodai aliyejibu juu yangu. Mpindue huyo samaki, utaona nyuzi nyembamba zinaning'inia kooni. Hizo si ndevu, ni mapezi ya tumbo yaliyosogea mbele mpaka huko, na mkunga mapezi hayo hana kabisa. Huyo ni wa familia ya Ophidiidae, samaki wanaofanana na mkunga lakini si mkunga; galatheae naye ni wa humo. Kisha tazama pezi la ubavuni: kama miale ya chini imeachana na mingine na kurefuka mithili ya vidole, anza na Dicrolene, jenasi mojawapo ya familia hiyo. Kuanzia hapo ni kazi ya kuhesabu vichujio vya matamvua (vile vijino vya ndani vinavyochuja chakula), na pingili za mgongo kwa eksirei. Picha ya simu haitakufikisha.

Sasa kina. Hapo ndipo nilipoungua.

Nilikuwa kwenye meli ya utafiti, kijana, natafuta tasnifu yenye kitu kipya. Wavu ukapanda kutoka mita 1,840. Katikati ya tope na kamba wekundu kalala samaki wa kahawia, ndevu sita puani, sita kidevuni. Mwenye kitabu mkononi angesema Brotula multibarbata, wa familia hiyo hiyo, na kwenda kulala. Lakini vitabu vinamweka huyo kuanzia kwenye miamba ya matumbawe hadi mita mia sita na ushee, na lebo yangu inasema 1,840. Badala ya kutilia shaka lebo, nikatilia shaka vitabu! Nikaanza kusaka tofauti: jicho dogo kidogo, kichwa kirefu kidogo. Ukizitaka tofauti utazipata tu. Kwa kipimo kile mimi na kaka yangu wa tumbo moja ni spishi mbili.

Dalili zote zilikuwa mbele ya macho yangu. Samaki wangu alikuwa amekakamaa, ngozi imechorwa alama za macho ya wavu, huku wenzake wa kapu lile bado wamelegea na wanateleza ute. Mkupuo uliotangulia, yaani mara ya mwisho kushusha wavu kabla ya hapo, tulikokota kina cha mita 190, na wavu haukuoshwa. Samaki hukwama kwenye mfuko wa nyuma, wakaja kudondoka mkupuo unaofuata. Na humo humo kapuni kulikuwa na kibua. Kibua, mkuu! Samaki wa maji ya juu, ananikodolea macho, kuniambia kwamba wavu ule ulikuwa unavua njia nzima. Jioni mpishi akamkaanga, tukamla na ugali na pilipili. Ushahidi nikautafuna mwenyewe, tena nikalamba vidole.

Si kwamba sikuuliza. Nilimuuliza bwana mkubwa wa maabara ya melini. Akanijibu bila kuinua uso kwenye simu: "Andika kina cha wavu, kila mtu anaandika hivyo." Kila mtu! Msomi ana shahada nyingi kuliko mashati yangu, lakini kuosha wavu kwake ni shughuli ya mabaharia, haimhusu. Siku ya kutetea tasnifu mtahini wa nje akauliza swali moja tu: "Wavu wako ulikuwa unafungwa mdomo kabla ya kupandishwa?" Ukumbi kimya, feni tu ndiyo inasikika. Sura nzima ikakatwa, ada ya kuongeza muda nikalipa kutoka mfukoni, na bwana mkubwa siku hiyo, nasikia, alikuwa na semina.

Na usidhani ni ujinga wa wanafunzi tu. Huyo galatheae unayemtamani ndiye anayetajwa kila kona kuwa samaki aliyevuliwa kina kirefu kuliko wote: mita 8,370, Mfereji wa Puerto Rico, 1970. Alitoka kwenye wavu wa kukokota usiofungwa. Wavu wa namna hiyo unashuka kilomita nane mdomo wazi, unapanda kilomita nane mdomo wazi, na spishi yenyewe inajulikana kuanzia kama mita 3,100. Nani atakuapia aliingia wapi? Ndiyo maana rekodi ile ina utata mpaka leo. Sasa mlinganishe na yule Pseudoliparis, samaki mwingine wa kina kirefu, aliyerekodiwa kwa video 2022, mita 8,336, Mfereji wa Izu-Ogasawara huko Japani. Kamera imekaa chini na chambo chake, samaki anakatiza mbele yake akiwa hai. Hapo utabisha nini?

Kwa hiyo lebo yako iwe na mambo haya: kina mlipoanza kukokota, kina mlipomaliza, maneno "wavu wazi", na kina cha mkupuo uliotangulia. Neno makazi lifute. Wewe hujui anakaa wapi, unajua wavu ulipita wapi. Na kila mkupuo wavu uoshwe, macho yote ya mfuko yapekuliwe. Mabaharia watanuna, watakuita mwalimu. Shika mpira wa maji mwenyewe, wanunulie soda mkifika bandarini, maisha yaendelee.

Kabla hujaniuliza jina tena, nijibu: mkupuo wa kabla ya huo wa 1,310 ulikuwa kina gani, na nani aliosha wavu? Halafu tupia picha ya kapu zima, si ya samaki huyo peke yake.