Onja Kwanza Maji ya Ngama

Ukurasa wa maswali ya wasomaji. Anayejibu ni fundi na baharia mstaafu wa Mikindani.

SWALI: Shikamoo Babu. Mimi na mume wangu tunaishi kwenye boti ya tanga ya futi 34, imetia nanga ghuba ya Mikindani. Aliinunua mwaka jana kwa mgeni aliyechoka na bahari, na sasa ndiyo nyumba yetu, nyingine hatuna. Wiki tatu hizi nimekoma. Kila asubuhi nakuta maji ngamani, pale chini kabisa ndani ya boti. Pampu ilikuwa ikiunguruma usiku kucha, sasa imenyamaza kabisa. Betri haifiki alfajiri. Jiko la gesi limegoma ingawa mtungi ni mzito. Juzi tukawasha injini ili tuchaji, ikaenda dakika mbili ikazima. Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Mume wangu akaniambia, "Kuwa na fikra chanya." Nilikuwa na spana mkononi, Babu, namshukuru Mungu sikuitumia. Mama mkwe ametutafutia chumba Chikongola. Nifanyeje nisikate tamaa?
Mke wa Baharia, Mikindani

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Spana iweke chini, utaihitaji kwa kazi nyingine.

Hilo neno la fikra chanya limefika pwani hii mimi nimeshaacha bahari, kwa hiyo sina la kulisemea. Nahodha wangu hakuwa nalo. Yeye akiamka alikuwa anateremka ngamani, anachovya kidole kwenye maji, anaonja. Akishaonja ndipo anatuambia sabalkheri.

Nawe anza hapo. Kama maji yananuka choo usionje, jibu umeshalipata. Yakiwa safi, gusisha ulimi tu. Yakiwa matamu, yametoka kwenye tangi lenu la maji au ni mvua inayopenya sitahani, na hapo boti haizami, mnachopoteza ni maji ya kunywa. Yakiwa ya chumvi, bahari ndiyo inayoingia. Tazama pale shafti ya rafadha, ile pangaboi inayosukuma boti, inapotokea nje. Kama ni ya mtindo wa zamani, iliyosokotewa kamba yenye mafuta, shafti ikizunguka ni kawaida idondoshe tone moja moja, lakini ikisimama isivuje. Kisha shika kwa mkono kila mpira unaopeleka maji nje au ndani, mmoja baada ya mwingine, uone kama klipu yake imeliwa na kutu. Mwanga wa tochi hudanganya humo ndani, amini vidole.

Sasa nisikilize, maana barua yako nimeisoma mara tatu. Wewe umehesabu mikosi mitano. Mimi naona miwili. Maji yanaingia, kwa hiyo pampu ilifanya kazi usiku kucha, kwa hiyo imeinyonya betri. Betri ilipoisha, pampu ikanyamaza. Na jiko? Boti nyingi za kigeni zina vali ya umeme pale kwenye mtungi, swichi yake iko jikoni, na umeme ukipungua vali inajifunga yenyewe, gesi haipiti hata mtungi ukiwa umejaa. Angalia kama yenu inayo. Kama inayo, basi jiko lako halina ugonjwa wowote, lina njaa ya umeme. (Asije fundi akakwambia aitoe hiyo vali aunganishe moja kwa moja. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inashuka ngamani na kujilaza huko, na cheche moja ya swichi inatosha. Mfukuze.)

Kwa hiyo uvujaji ni mmoja, umezaa watoto watatu. Mkosi wa pili ni injini, huo una mama yake mwingine. Ulilia kwa sababu ulihesabu watoto, na mtu yeyote angelia. Hesabu akina mama.

Betri ipimeni kwa mita baada ya kupumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumiwa. Ya risasi na tindikali ikijaa husoma kama volti 12.7. Ikisoma 12.2 iko nusu. Msiiache na njaa siku nyingi, itakufa jumla na huo utakuwa mkosi wa kweli, maana bei yake mnaijua. Ipelekeni nchi kavu ikachajiwe kesho, msisubiri injini. Maji yafueni kwa ndoo. Ndoo haijawahi kuharibika swichi.

Injini inayowaka vizuri kisha ikazima baada ya dakika mbili, mara nyingi inakosa dizeli. Mnanunua kwa madumu, sivyo? Maji ni mazito kuliko dizeli, yanakaa chini ya tangi, na taka nazo zinakaa hapo hapo. Boti ikisimama nanga vitu hivyo vinatulia, ikitikisika vinaingia kwenye mpira. Fungueni filta ya kwanza, mwageni kilicho chini yake kwenye chupa ya plastiki, mtazame. Badilisheni filta, halafu toeni upepo: legeza skrubu iliyo juu ya filta, bonyeza pampu ndogo ya mkono mpaka mapovu yaishe itoke dizeli tupu, kaza. Kabla ya kuwasha, koki ya maji ya bahari iwe wazi, kwa sababu ile feni ya mpira ndani ya pampu ya maji ikizunguka kavu inakatika muda si mrefu. Hiyo wekeni spea mbili. Mimi ningeweka tatu, lakini mimi ni mwoga.

Umeniuliza moyo, nimekujibu filta. Haya, tuje kwenye moyo.

Mwaka 1974, kaskazi inaelekea ukingoni, tulitoka Kilwa Masoko na shehena ya mabati na sabuni, tunateremka Lindi. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, ikavunjika, tanga likaanguka majini. Tukajikokota na tanga dogo hadi Kiswere, tukakaa siku 9 tukisubiri mti wa kutengenezea nyingine. Nilikuwa kijana. Usiku nalala chali nahesabu: mti hakuna, maleleji, pepo za kugeukageuka, yanakuja, sabuni inaloa, ujira hakuna, na Mikindani mchumba wangu ataposwa na mwingine. (Aliposwa kweli, lakini foromali haikuhusika.)

Nahodha aliweka sheria mbili. Ya kwanza, foromali haitajwi wakati wa kula. Tukikaa kwenye sinia, tuna changu na ming'oko ya kuchemsha, tunazungumza harusi, mpira, mashetani ya Kilwa, chochote. Atakayetaja foromali anaosha vyombo. Siku mbili za mwanzo niliviosha mimi. Ya pili, kila siku kitu kimoja kiishe. Hakusema kianze, alisema kiishe. Siku moja nilishona upya dasi ya tanga, ile kamba ya pindoni, kwa urefu wa mikono minne tu, nikaacha. Siku nyingine tukakalafati ufa mmoja. Siku moja kazi ilikuwa kusugua kuta za falka, mnamokaa shehena, nami nikanung'unika kwamba kusugua hakutatuletea mti. Akasema, "Na kunung'unika kumeleta mingapi?" Akaniongezea na sitaha.

Mti ulikuja siku ya 8, vipande viwili, tukaviunga na kuvifunga kamba. Siwezi kukudanganya kwamba siku zile nilikuwa na furaha. Nilikuwa nalala usingizi, basi.

Kwa hiyo wewe na mwenzio msiongee boti mezani, na atakayevunja aoshe vyombo, nadhani ni yeye. Kisha kila siku maliza kitu kimoja kidogo, hata kama ni kusafisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, au kuosha chumvi kwenye sola. Kazi kubwa ya shafti isikufanye ushindwe kufunga klipu moja. Na orodha yako iandike kwenye daftari, ukurasa wa kushoto yaliyoharibika, wa kulia yaliyopona. Najua ukurasa wa kushoto hautakwisha. Mimi nimekaa vyomboni miaka 31 na sijapata kuona chombo kilichopona. Hata kipya kikishushwa majini siku ya kwanza kinavuja mpaka mbao zinywe maji zivimbe.

Chumba cha Chikongola mwambie mama mkwe ahsante, na mkitumie. Kalale huko usiku mmoja, uoge maji mengi, ule chakula ambacho hukupika. Kulala nchi kavu hakumuondolei mtu ubaharia. Ila msiende wote wawili mpaka mjue maji yanatoka wapi. Abaki mume na ndoo, na fikra zake chanya.

Kesho alfajiri, kabla ya chai, teremka ngamani. Halafu uniandikie ulimi umesema nini.